Kuchonga na Kubandua: Utengenezaji wa Zana za Mawe na Msamiati Wake wa Kiswahili, kwa Kurejelea Njombe na Makambako

Utangulizi

Kupiga jiwe kwa jiwe hadi lipasuke kwa namna iliyokusudiwa ni kazi iliyoacha alama zake kongwe katika Afrika Mashariki. Zana zilizopatikana Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zilitangazwa mwaka 2015 kuwa na umri wa takribani miaka milioni 3.3. Katika sehemu kubwa ya dunia kazi hiyo ilikoma chuma kilipoenea. Hata hivyo, katika karne ya ishirini ilifufuka kwa sura nyingine, ikawa uraibu. Nchini Ufaransa, Uingereza na Marekani wapo watu wenye kazi zao za kawaida ambao mwishoni mwa juma huketi uani, ngozi mapajani na jiwe mkononi, wakijifunza upya jambo ambalo mababu wa binadamu wote walilijua.

Mhadhara huu unajadili kazi hiyo kwa upande wa lugha. Swali lake ni hili: mtu wa Njombe au Makambako akitaka kujifunza kutengeneza bapa la jiwe, na akitaka kufundishwa kwa Kiswahili, ataambiwa afanye nini? Swali laonekana dogo. Lakini somo la akiolojia katika shule za sekondari na vyuo vya Tanzania limekuwa likifundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili cha shule za msingi kimeachiwa maneno machache tu: zana za mawe, Zama za Mawe, shoka la mkono. Mwanafunzi huanza na maneno hayo machache, kisha huhamia lugha nyingine kabla hajapata neno la kitendo chenyewe. Inadaiwa hapa kwamba maneno ya kitendo hicho yapo katika Kiswahili, tena mengi. Yamelala jikoni, shambani, pwani na kwenye bunduki za kale. Inadaiwa pia kwamba kitenzi kimoja ambacho kimezoeleka kutumika, yaani kuchonga, huficha nusu ya kazi.

Mawe ya Nyanda za Juu Kusini

Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Kwa hiyo historia ya mawe ya sehemu hizi haiwezi kutenganishwa na ile ya Iringa. Kutoka Makambako, mahali barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, msafiri anayerudi kaskazini kwa barabara hiyo kuu hufika Isimila kabla ya kuingia mji wa Iringa, ambao uko kilomita 20 hivi mbele yake. Hapo, katika korongo lililochimbwa na mvua, palionekana mashoka ya mkono mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanywa mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell na wenzake. Kipimo cha madini ya urani kilichochapishwa mwaka 1972 kilitoa umri wa takribani miaka 260,000. Mashoka hayo yalitengenezwa kwa matale, kwatzi na mawe mengine magumu yaliyo jirani, na mengine ni makubwa kupita mahitaji ya mkono wowote wa kawaida.

Magharibi ya mji wa Iringa yapo mapango ya Magubike na Mlambalasi, yaliyochunguzwa tangu mwaka 2006 na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta pamoja na wataalamu wa Kitanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alikwisha kuchimba Mlambalasi. Jirani na pango hilo la pili ndipo lilipo kaburi la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898. Zana za huko si mashoka makubwa. Ni vipande vidogo vya kwatzi, vingi vyao havizidi ukucha, ambavyo viliunganishwa na mpini wa mti au mfupa.

Tofauti hiyo kati ya Isimila na Mlambalasi itarejewa hapa chini, kwa kuwa ndiyo inayoleta tatizo la kitenzi. Kwa sasa itoshe kusema kwamba jiwe linalopendwa na waraibu wa Ulaya halipatikani Njombe. Jiwe hilo hutokea ndani ya chaki, na Nyanda za Juu Kusini hazina chaki. Zina miamba mikongwe ya matale iliyopitiwa na mishipa myeupe ya kwatzi. Lakini jina la jiwe hilo geni Kiswahili kinalo.

Gumegume

Kamusi za Kiswahili huorodhesha gumegume kwa maana ya jiwe gumu litoalo cheche, na huongeza bunduki ya gumegume, yaani ile ya kushindilia ambayo risasi yake hulipuliwa kwa cheche za jiwe linalogonga chuma. Bunduki hiyo hutofautishwa na bunduki ya fataki, iliyokuja baadaye. Msamiati huu uliingia bara pamoja na misafara ya karne ya kumi na tisa. Mawe yenyewe yaliagizwa kutoka ng'ambo. Mji mdogo wa Brandon, mashariki ya Uingereza, uliishi kwa muda mrefu kwa kupasua mawe ya bunduki, na uliendelea kuyapeleka Afrika hata baada ya majeshi ya Ulaya kuziacha bunduki za aina hiyo. Maana yake ni kwamba katika karne hiyo jiwe lililopasuliwa kwa mkono lilikuwa bado bidhaa katika nchi ambayo zana zake za mawe zilikuwa zimekwisha kusahauliwa.

Katika matumizi ya mitaani neno hili lina maana nyingine: mwanamume gumegume ni mwanamume asiyefaa kitu. Wanaolitumia hivyo wengi hawajaona bunduki ya gumegume. Hata hivyo, aliyewahi kuitumia angeielewa dhihaka hiyo mara moja, kwa kuwa jiwe la bunduki hupoteza makali baada ya milio michache, ishirini, thelathini, hamsini kwa jiwe zuri. Baada ya hapo hugonga bila kutoa cheche mpaka likanolewe upya au litupwe. Kama hiyo ndiyo asili ya maana ya mitaani au siyo, jiwe na mtu wameshikana katika neno moja, na neno li hai.

Je, gumegume lifae kuwa istilahi ya jiwe hili kwa wanaakiolojia? Lafaa. Ni afadhali kuliko kutohoa. Mfano wa hatari ya kutohoa ni jiwe la jamii hiyohiyo ambalo wengine wameliita cherti: mzungumzaji wa kawaida hataiweka konsonanti r mbele ya t, atasema cheti, na mwanafunzi atabaki akijiuliza zana imetengenezwaje kwa karatasi ya serikali. Gumegume linaweza kubeba mawe yote mawili.

Kitenzi kinachoficha

Sasa kitendo chenyewe. Mwalimu akieleza kazi ya watu wa kale kwa Kiswahili husema kwamba walichonga mawe. Kitenzi hiki ni kizuri na ni cha heshima. Mtu huchonga kinyago, huchonga mwiko, huchonga mtumbwi, na pwani huchonga mlango. Lakini katika mifano yote hiyo yapo mambo mawili yasiyobadilika. Kwanza, kitu kinachotakiwa ni kile kinachobaki. Pili, kinachotoka ni takataka. Hakuna mchonga vinyago anayeokota vibanzi vyake na kuvipeleka sokoni.

Maelezo hayo yanalifaa shoka la mkono la Isimila. Mtengenezaji alitwaa bonge la jiwe au kipande kikubwa, akalipunguza pande zote mbili, na umbo alilolitaka likabaki mkononi. Alichonga. Lakini mtengenezaji wa mabapa alikuwa na nia ya kinyume. Alilishika jiwe, akalipiga ukingoni, na kile kilichoruka ndicho alichokitaka. Jiwe lililobaki alilipiga tena na tena mpaka lisitoe kitu, akalitupa. Kusema kwamba huyu alichonga ni kumwambia msikilizaji atazame mahali pasipo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitenzi hicho, akipelekwa kwenye eneo la kale, ataokota jiwe kubwa lenye umbo na kuviacha vibanzi, kwa kuwa lugha imekwisha kumwambia kwamba vibanzi ni taka.

Kiswahili kinayo familia nzima ya vitenzi vya kuondoa kitu kutoka kwenye kitu kingine, na vingi vinaishia kwa -ua: kubandua, kuambua, kuchubua, kupukuchua, kubangua, kupasua. Katika hivyo, kubandua ndicho kinachofaa kuwa istilahi ya msingi. Kinachobanduliwa kilikuwa kimeshikamana na uso wa kitu kingine. Kikibanduka hutoka kizima, chenye sura yake, na huacha kovu la sura hiyohiyo pale kilipotoka. Hivyo ndivyo kibanzi cha jiwe kinavyotoka. Kwa hiyo pendekezo ni kuvitumia vitenzi vyote viwili kwa kutenganisha maana: kuchonga, pale kinachotakiwa ni kile kinachobaki, kubandua, pale kinachotakiwa ni kile kinachotoka. Wanaakiolojia wamekuwa wakiieleza tofauti hii kwa sentensi ndefu. Kiswahili kinaieleza kwa vitenzi viwili ambavyo kila mtoto anavijua.

Sehemu za kibanzi

Aliyekwisha kubandua kibanzi kimoja ataona kwamba kina sehemu zinazodai majina. Pale nyundo ilipogusa pana eneo dogo bapa. Laweza kuitwa uso wa pigo. Neno jukwaa, ambalo mfasiri wa haraka angelichagua, halina maana yoyote hapa. Chini kidogo ya uso wa pigo, upande wa ndani, jiwe limevimba. Uvimbe huo ni nundu, na hakuna haja ya kutafuta zaidi, maana umekaa hasa kama nundu ya ng'ombe nyuma ya shingo. Nundu ni ushahidi muhimu: baridi na jua hupasua mawe pia, lakini kwa kawaida haviachi nundu chini ya uso wa pigo. Kutoka nundu hutawanyika mawimbi kama ya maji yaliyotupiwa kokoto.

Mpasuko wa namna hii hutokea katika mawe yenye chembe ndogo sana, au yasiyo na chembe kabisa kama kioo. Sura yake ni ya gamba la chaza. Pwani wanaliita kombe, na mpasuko wa kombe ni istilahi itakayoeleweka Lamu bila maelezo. Njombe itahitaji maelezo, kwa sababu mtoto wa huko huenda hajaliona kombe. Basi aonyeshwe ukingo wa chupa iliyovunjika.

Jiwe linalobanduliwa liitweje? Kiini ndilo jibu la kwanza la kila mtu, na ni jibu baya. Kiini cha yai, cha mbegu au cha habari ni sehemu bora iliyohifadhiwa ndani. Jiwe hili, likiisha kazi, ndiyo sehemu isiyotakiwa. Nchi ya mahindi kama Njombe ina neno bora: gunzi. Mahindi hupukuchuliwa mstari kwa mstari kulizunguka gunzi, na kila mstari ukitoka huurahisishia njia ule unaofuata. Mabapa hutoka vivyo hivyo: kovu la bapa la kwanza huacha matuta mawili, na pigo la pili likielekezwa nyuma ya tuta moja, nguvu hulifuata tuta hilo na kutoa bapa refu lililonyooka. Kwa desturi ya wataalamu, kibanzi huitwa bapa kikiwa na urefu usiopungua mara mbili ya upana wake. Mwishoni linabaki gunzi, na magunzi ya mawe hutambulika kwa makovu hayo yaliyopangika.

Kunoa ni neno jingine la kutahadhari nalo. Kisu hunolewa kwa kusuguliwa kwenye kinoo. Makali ya jiwe yakisuguliwa hufa. Bapa la jiwe lililokuwa butu hurudishiwa makali kwa kubanduliwa vibanzi vidogo ukingoni, kwa kugongwa kidogo au kwa kusukumwa na ncha ya pembe. Kudonoa kwaweza kufaa kwa kitendo hicho. Ni kazi ya ncha, ya haraka na ya kurudiarudia, kama ya kuku. Jambo la ajabu kwa mgeni ni kwamba usugaji una nafasi yake, ila si kwenye makali: kabla ya kupiga, ukingo wa gunzi husuguliwa kidogo kwa jiwe gumu ili usivunjike chini ya nyundo.

Kubanja

Yote yaliyosemwa juu ya kubandua yanahitaji jiwe lenye utii. Kwatzi haina utii huo. Imejaa nyufa za ndani, hupasuka kwa njia zake, na vipande vyake vya mwisho ni vidogo mno kushikwa kwa mkono vikapigwa kwa pembe sahihi. Watu wa Mlambalasi walitumia njia nyingine: waliweka kipande cha kwatzi juu ya jiwe kubwa lililokaa kama fuawe ya mhunzi, wakakigonga kutoka juu kwa jiwe la pili. Nguvu huja kutoka pande mbili, na kipande hutawanyika kwa vibanzi vyembamba vyenye makali sana.

Kitenzi chake ni kubanja, ambacho hutumika kwa kuvunja vitu vigumu kama korosho na kokwa kwa kuvigonga juu ya jiwe. Ufanano ni kamili, pamoja na hatari kwa kidole. Kubanja kutofautishwe na kuponda, ambako mpigaji hujali ukubwa wa vipande tu, kama afanyavyo mpiga kokoto kandokando ya barabara. Mpiga kokoto naye, hata hivyo, asidharauliwe. Hujua kwa sauti ya pigo kama jiwe lina ufa, na hujua kwamba jiwe hupasuka kirahisi likipigwa karibu na ukingo kuliko katikati. Maarifa hayo ni nusu ya somo, na katika Tanzania wengi walio nayo ni wanawake.

Hilo lina uzito zaidi ya inavyodhaniwa. Picha za vitabuni za Zama za Mawe humwonyesha mwanamume akipiga jiwe. Lakini miongoni mwa Wakonso wa kusini mwa Ethiopia, mojawapo ya jamii chache duniani ambako kukwangua ngozi kwa zana za mawe kuliendelea hadi nyakati zetu, watengenezaji stadi wa zana hizo walikuwa wanawake, na walitumia kwatzi pamoja na mawe ya jamii ya gumegume. Hakuna sababu ya kumfikiria mbanja kwatzi wa Mlambalasi kuwa mwanamume. Kiswahili, kisichotenganisha yeye mwanamume na yeye mwanamke, hakimlazimishi msemaji kuamua.

Kujifunza kwa mkono

Waliofufua kazi hii walijifunza kwa kupiga, si kwa kusoma. Louis Leakey (1903–1972), mzaliwa wa Kabete, alizoea kutengeneza zana mbele ya wageni na kumchuna mnyama kwa zana hizo. François Bordes wa Bordeaux na Don Crabtree wa Idaho walikutana Les Eyzies, Ufaransa, mwaka 1964, wakaonyeshana mikono yao. Crabtree hakuwa na shahada. Katika miaka ya 1970 alimwomba daktari ampasue kwa mabapa ya kioo cha volkano aliyoyabandua mwenyewe, na daktari akakubali. Makali ya kioo hicho ni membamba kuliko ya chuma.

Mwanafunzi wa Makambako hahitaji kioo cha volkano. Kitako cha chupa nene hupasuka kwa mpasuko wa kombe, na ndicho waraibu wengi duniani huanza nacho. Wenyeji wa kaskazini-magharibi ya Australia walikwisha kutengeneza ncha za mikuki kwa chupa za Wazungu, nzuri kiasi cha kutafutwa na makumbusho. Anayeanza apige pale ambapo pembe ya ukingo ni chini ya nyuzi tisini. Pembe ikizidi hapo, nguvu huishia ndani na jiwe huvunjika ovyo. Avae miwani. Aketi nje penye upepo, kwa kuwa vumbi la silika huharibu mapafu. Liliwaua wapasuaji wengi wa Brandon kabla ya uzee wao.

Liko sharti jingine, na hili halihusu mwili. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni mali ya kale inayolindwa, na kuchimba bila kibali ni kosa. Gunzi lililookotwa Isimila si malighafi ya mazoezi. Kosa la upande wa pili ni gumu zaidi kuligundua: vibanzi vipya vikitupwa karibu na pango la kale, baada ya mvua chache hakuna jicho litakalovitenga kwa uhakika. Waraibu waangalifu huandika tarehe kwenye kila zana, hutandika turubai chini, na taka zao huzifukia pamoja na sarafu ya mwaka huo.

Kuhusu jaribio la kwanza, Njombe ina lake tayari. Ugemaji wa ulanzi huhitaji makali mazuri, kwa sababu chipukizi la mwanzi hukatwa upya asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kutoka, na mkato uliochanika huharibu kazi. Mianzi ina silika nyingi, na jiwe linalokata mimea ya namna hiyo kwa muda hupata mng'ao ukingoni ambao huonekana kwa darubini. Bapa moja la kwatzi, lililobanjwa na kutumiwa na mgema mmoja kwa msimu mmoja wa mvua, huku idadi ya mikato ikiandikwa kila siku, litatoa ukingo wa kulinganisha na vibanzi vya mapangoni. Mgema huyo ataulizwa pia aliitaje hali ya makali yalipoanza kufa, kwa Kibena na kwa Kiswahili, na majibu yote mawili yataandikwa kwenye fomu ileile ya vipimo.